Nyota za Mwalimu Mutiso

Gundi ya unga wa ngano hunukia vizuri siku ya kwanza, kama chapati inayosubiri kukandwa. Siku ya tatu huanza kuchacha, na ikifika Ijumaa harufu yake huwa kali kiasi cha kumfanya mtoto apumulie mdomoni. Hiyo ndiyo harufu ya darasa la nne ninayoikumbuka, kabla hata ya kukumbuka nyuso. Mwalimu Mutiso aliipika gundi hiyo mwenyewe kwa jiko la mafuta chumbani kwake, akaileta katika kopo la siagi, na kila alasiri alichovya kidole akabandika nyota kwenye karatasi kubwa ya kaki iliyotundikwa kando ya ubao. Nyota alizikata kwa makasi kutoka kwenye karatasi za kung'aa za pakiti za majani ya chai. Majina yetu yalipangwa kushuka chini, kila jina na mstari wake. Ukijibu swali vizuri, nyota. Ukisoma ukurasa bila kukwama, nyota. Ukifika kabla ya kengele, nyota. Ukichelewa, doa jeusi la kalamu. Shule ilikuwa upande wa Uthiru, juu ya bonde, na sisi tuliotoka Kabiria tulishuka bondeni kila asubuhi, tukavuka mto kwa daraja la magogo mawili yaliyopigiliwa mbao, tukapanda upande wa pili tukiwa na matope hadi vifundoni. Yaani hata kabla ya somo la kwanza, miguu ilikuwa imeshapigania nyota.

Mwalimu Mutiso alitujia Januari, moja kwa moja kutoka chuo cha ualimu. Alikuwa kijana mwembamba kutoka Ukambani, suruali imepigwa pasi hadi ikakata, na katika mfuko wa shati alibeba kijitabu cha kuandikia alichokiona. Kabla yake tulikuwa tumezoea kupigwa. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa na kipande cha mpira wa bomba alichokiita Msaidizi, na tulilijua jedwali la nne kwa sababu mapaja yetu yalilijua kwanza. Mutiso alikitoa kipande kile kabatini siku yake ya kwanza, akampa bawabu afungie lango, nasi tukadhani amerukwa na akili. Katika mkutano wa wazazi alieleza sababu. Alisema wataalamu waliwahi kumfungia njiwa ndani ya kisanduku, wakampa punje kila alipodonoa mahali fulani, na njiwa akaishia kudonoa papo hapo mchana kutwa. Kiumbe chochote, alisema, hurudia linalomletea tuzo na huacha linalomletea hasara. Yaliyo ndani ya kichwa chake hatuna haja ya kuyakisia, tutazame anachofanya. Baba yangu, aliyefuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, aliinua mkono. "Hiyo mbona najua, mwalimu. Ng'ombe yangu ikisikia tu ndoo imegonga mlango, maziwa inaanza kudondoka." Wazazi wakacheka. Mwalimu hakucheka, alifurahi kweli, akachomoa kijitabu chake na kuliandika neno la baba.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na mimi mfumo ule ulinikuta nimeshanyoosha kidole. Nilipenda kuwa wa kwanza na nilipenda kuonekana nikiwa wa kwanza. Katika wiki ya pili mstari wangu ulikuwa mrefu kuliko wa mtu yeyote, na kila Ijumaa ni mimi niliyechagua zawadi: kupiga kengele ya kwenda nyumbani, au penseli mpya yenye kifutio, au kukaa kwenye dawati la dirishani. Sitaki kusema uongo kwamba hayo yote yalikuwa bure. Jedwali la saba, ambalo Msaidizi alishindwa kuliingiza, nyota zililiingiza kwa siku nne, na hadi leo nikiamshwa usingizini naweza kulisema. Darasa lilitulia. Watoto waliokuwa wakijificha chooni saa za hesabu waliacha kujificha. Mgala muue na haki yake mpe.

Lakini kuna jambo lililotokea nyumbani ambalo halikuingia kwenye kijitabu cha mwalimu. Shosho, mama yake baba, alikuwa na jiko lake la mbao pembeni mwa boma, na kuta zake alikuwa amezibandika magazeti ya zamani ili kuzuia upepo. Hakujua kusoma. Tangu nilipojua kuunganisha silabi nilikuwa nikimsomea ukuta: tangazo la mbolea, habari za mbunge aliyekwisha kufa, picha ya harusi ya watu tusiowajua. Kurasa nyingine zilikuwa zimebandikwa kichwa chini, nikawa nainamisha shingo hadi iume, naye huku akimenya viazi akisema, "Rudia hapo." Tulikuwa tumefika ukuta wa tatu. Nyota zilipoanza, niliacha kwenda. Sikuamua kuacha, niliona tu kwamba jioni ni nzuri zaidi nikirudia kurasa za kitabu cha shule ambazo mwalimu angenisomesha kesho yake. Siku moja shosho akaniuliza, "Mbona siku hizi huji kunisomea ukuta?" Nikamjibu nilivyoona ndivyo: "Ukuta hauna nyota, shosho." Alicheka kama mtu aliyesikia mzaha, halafu akaendelea na viazi vyake.

Mwezi wa pili akaja Nafula. Baba alikuwa na vyumba sita vya mabati vya kupangisha, na katika kimoja aliishi Anti Rosa, mwanamke wa Kakamega aliyefanya kazi ya usafi katika nyumba za watu Parklands. Alitoka alfajiri na kurudi jua likitua, mikono imekunjamana kwa sabuni. Nafula alikuwa mtoto wa dada yake aliyefariki, na hadi wakati huo alikuwa amelelewa na bibi yake kijijini, aliyemwita kukhu. Alikuwa na umri wangu, miguu mirefu, na tabia ya kutazama kitu hadi mwenye kitu aone aibu. Aliingizwa darasa letu, akapewa dawati la nyuma. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, na siku ya kwanza aliposoma kwa sauti kuna mtu alicheka jinsi alivyotamka. Hakusoma tena. Akiitwa alisimama, akatazama kitabu, akangoja hadi mwalimu achoke. Na alichelewa. Alitoka nyumbani mapema kuliko sisi akafika nyuma yetu sote. Na jioni, sisi tukiwa tumeshafua soksi, ndipo utamwona anaingia langoni, kila siku akitokea upande tofauti. Mwisho wa Februari mstari wake kwenye karatasi ya kaki haukuwa na nyota hata moja. Ulikuwa na madoa tu, yamefuatana kama siafu.

Mwalimu Mutiso hakuwa mtu wa kukata tamaa. Aliniita mezani kwake wakati wa mapumziko.

"Wambui, wewe na Nafula mnatoka ploti moja?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ukimfikisha hapa kabla ya kengele wiki nzima, nitakuongezea nyota mbili. Na jioni mrudi pamoja, asizurure."

Nilikubali mara moja. Sikuuliza yeye atapata nini. Kuanzia Jumatatu nilimgongea mlango, nikamshika mkono, tukashuka bondeni. Haikuwa kazi rahisi. Alisimama kumtazama mchoraji aliyekuwa akiandika jina la kinyozi ukutani, herufi moja moja, na hakutaka kuondoka kabla neno halijaisha. Alisimama kuona bomba la maji linaingilia wapi chini ya barabara. Aliniuliza ukuta ule mrefu unaishia wapi, na ile njia ya nyuma ya kinu cha unga inatokea wapi, nami niliyezaliwa pale sikujua, kwa sababu sikuwahi kuhitaji. "Twende, tutachelewa," ndilo lililokuwa jibu langu kwa kila kitu. Lakini njiani alinisimulia habari za kukhu wake, jinsi alivyowajua kuku wake wote kwa sauti, na jinsi kijijini mtu huweza kutembea siku nzima bila kukuta ukuta. Wiki ya pili nikajikuta nangojea asubuhi. Nadhani nilikuwa nimeanza kumpenda, ingawa siwezi kuapa, maana kila Ijumaa nyota zilikuwa zikija pamoja na mapenzi hayo, na sikuwa na njia ya kutenganisha kimoja na kingine.

Ijumaa ya tatu mwalimu alizibandika nyota zangu mbele ya darasa na kutangaza: "Wambui, mbili, kwa kumleta Nafula." Watoto wakapiga makofi. Nafula aligeuza shingo polepole, akaitazama karatasi ya kaki kama aliyekuwa akiisoma kwa mara ya kwanza. Langoni alinisubiri.

"Kumbe unalipwa?"

"Si pesa. Ni nyota tu."

"Kwa hivyo kila siku ukinigongea mlango ni juu ya hiyo karatasi?"

Alikuwa ameuliza swali la ndiyo au la, na majibu yote mawili yalikuwa uongo kidogo.

"Mimi nilidhani we ni rafiki yangu," akasema. "Basi enda na nyota zako." Akashika njia yake. Jumatatu nilipogonga mlango, alikuwa ameshatoka. Alifika shuleni kengele imeshalia, viatu vimejaa magugu, na mwalimu akachovya kalamu.

Aprili ikaingia na mvua zake. Wiki mbili kabla ya kufunga shule, Anti Rosa aliitwa ofisini. Nilijua yaliyosemwa huko kwa sababu kuta za mabati hazina siri. Jioni ile nilikuwa naanua nguo nyuma ya chumba chao. Muhula ukifunguliwa Nafula angerudishwa darasa la tatu. Anti Rosa hakupaza sauti. Alikuwa amechoka hata kukasirika. "Nafula, mimi nasugua sakafu ya watu ndio wewe usome. Kama ni kurudi nyuma, utarudi kwa kukhu uchunge ng'ombe. Huko hakuna kengele." Nilizikunja nguo zikiwa bado mbichi, nikaingia ndani.

Siku ya mvua kubwa ilikuwa Jumatano. Ilianza wakati wa hesabu, ikagonga paa hadi mwalimu akaacha kusema na kuandika tu, kisha maji yakaanza kuingia chini ya mlango. Ilipopungua, mwalimu mkuu akatoa amri watoto wa mbali waende nyumbani mapema. Tuliokuwa tunaelekea Kabiria tulikuwa watano: mimi, Kevo wa darasa la tano, wasichana wawili wadogo wa darasa la kwanza walioshikana mikono, na Nafula, aliyetembea hatua kumi nyuma yetu. Tuliposhuka bondeni hatukuliona daraja. Mwanzoni nilidhani tumekosea njia, jambo ambalo halikuwezekana kwa sababu ilikuwa njia moja. Halafu nikaona gogo moja limekwama kwenye ukingo, mbao zimeng'oka, na mto, ambao siku zote ulikuwa wa kuruka, umekuwa mpana na wa rangi ya chai ya maziwa.

Tulisimama. Nakumbuka vizuri kwamba kichwani mwangu hamkuwa na kitu. Nilijua njia ile kama jedwali la saba, na jedwali la saba halina msaada ukiulizwa swali lingine. Kevo alisema, "Maji ni kidogo, tuvuke tu," akaingia. Hatua ya kwanza ilifika gotini, ya pili ikafika kiunoni, na mkoba wake ukanyakuliwa mgongoni kana kwamba mtu ameuvuta. Nafula alikuwa ameshateremka. Alimdaka sweta kwa mikono yote miwili, nami nikamdaka Nafula, tukamtoa. Mkoba tuliuona ukizunguka mara moja, ukapotea. Wale wadogo wakaanza kulia.

"Hakuna mtu anavuka hapa," Nafula akasema. "Nifuateni."

"Wapi?" nikauliza. Alikuwa anaelekea juu ya mto, mbali na nyumbani.

"Wewe nifuate tu, Wambui."

Tulimfuata kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyekuwa akienda popote. Alitupitisha kwenye shamba la majani ya ng'ombe, majani yametuzidi kimo na yanakata mashavu. Tukatokea nyuma ya kinu cha unga, tukapita kando ya ukuta mrefu wenye maandishi MBWA KALI, na mbwa mwenyewe akatusindikiza kwa upande wa ndani. Mwisho wa ukuta Nafula alisimama, akageuka huku na huku.

"Umewahi kupita hapa?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Sasa unajuaje?"

Alionyesha mti uliokuwa umeinamia ukuta. "Hii mti nimeiona nikiwa ile side ingine. Siku ingine nilikuja na ile barabara ya juu, nikafika hapo mbele nikarudi. Barabara iko nyuma yake. Na chini ya barabara kuna kalvati kubwa ya mawe. Maji inapita chini, sisi tutapita juu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Tulizunguka mti, tukapanda mteremko kwa mikono na magoti, tukakuta lami. Mto ulikuwa ukinguruma ndani ya tundu la mawe chini ya miguu yetu, na magari yalikuwa yakipita juu yake kama siku nyingine yoyote. Kutoka hapo alituongoza bila kusita tena, akikata kona, akiruka mitaro, hadi tukaliona lango la baba kutoka upande ambao sikuwahi kuliona. Mwenda bure si mkaa bure, husema Waswahili, huenda akaokota. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo mara nyingi, na mara zote nilidhani inahusu kuokota kitu cha kushika mkononi.

Mama alikuwa ametuvua nguo na kutufunga mashuka, watoto wote watano mekoni, wakati Mwalimu Mutiso alipotokea langoni. Alikuwa amesikia daraja limekwenda, akakimbia bondeni, na huko akaukuta mkoba wa Kevo umenaswa kichakani. Akazunguka kwa barabara kuu akikimbia. Suruali yake ilikuwa tope hadi mapajani. Aliushika mkoba ule kifuani, unachuruzika maji, akasimama anatutazama na midomo yake inasogea. Ilichukua muda nikaelewa kwamba anatuhesabu. Alipofika tano akaketi juu ya ndoo ya ng'ombe iliyofudikizwa, akafunika uso. Mama alimpa chai, akaiweka chini bila kuinywa.

Kevo alisimulia yote. Mwalimu akamgeukia Nafula. "Nani alikufundisha hiyo njia?"

"Hakuna mtu."

"Ulikuwa unaenda huko kutafuta nini?"

Nafula alifikiri kwa uaminifu, kama mtu asiyetaka kukosea. "Hakuna kitu. Nilikuwa naangalia tu."

Mwalimu alirudia maneno hayo chini chini. Hakutoa kijitabu. Anti Rosa aliporudi kutoka Parklands, amelowa na amechoka, alikuta umati mekoni kwetu na akadhani mtoto wake ameharibu kitu. Alipoelezwa alimvuta Nafula, akamkagua mikono na miguu, kisha akajikaza. "Mungu ashukuriwe. Lakini kujua njia si kusoma, mwalimu. Si wewe ulisema hajui kusoma?"

"Ndiyo, nilisema," mwalimu akajibu. Akaomba karatasi. Baba akampasulia mfuko wa chakula cha ng'ombe, na mwalimu akampa Nafula kalamu na kumwomba achore njia aliyotupitisha. Alilala kifudifudi sakafuni akachora, na hakuchora njia ile peke yake. Alichora Kabiria nzima na kipande cha Uthiru: mto, ukuta, kinu, kanisa, vichochoro, mahali bomba linapoingilia. Na kando ya kila kitu akaandika maneno aliyoyakuta hapo, kwa herufi kubwa zilizonyooka: KINYOZI. UNGA SAFI. MBWA KALI. SHAMBA HILI HALIUZWI. USIKOJOE HAPA. Mama alicheka kwa hilo la mwisho, akaacha. Mwalimu alikuwa amepiga magoti juu ya karatasi.

"Haya yote umeyasoma mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mbona darasani husomi?"

"Darasani wananicheka. Na hayo ya kitabu, sikuwa nataka hizo nyota." Alisema bila kiburi, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai.

Anti Rosa aliichukua ile karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata njia kutoka ploti yetu hadi barabara kuu ambako alipandia gari kila alfajiri. "Hata kona yangu umeiweka," akasema. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Nafula hakurudishwa darasa la tatu wala kwa kukhu.

Tulipofungua muhula wa pili karatasi ya kaki haikuwepo. Kando ya ubao palibaki alama nne za gundi, na Mwalimu Mutiso hakueleza lolote. Wapo wanaodhani kwamba hapo ndipo mambo yalipokuwa mazuri, hayakuwa. Kwa wiki kadhaa mikono iliyokuwa ikiinuka haikuinuka tena, na darasa lilikuwa na kelele. Mimi nilikuwa mmoja wa walionyamaza. Nilikwenda kwa shosho, nikasimama mbele ya ukuta wa tatu, nikamsomea nusu ukurasa kuhusu bei ya kahawa. Nilisoma vizuri, bila kukwama. Lakini kile kilichokuwa kikinivuta hadi nikainamisha shingo hakikuwepo, na shosho, ambaye masikio yake yalikuwa makali, hakusema "rudia hapo" hata mara moja. Kilirudi baadaye, nikiwa sekondari, na kilirudi pungufu.

Nafula nilimwomba msamaha Juni, vibaya vibaya, nikimpa ile penseli yenye kifutio. Aliicheka penseli, akanirudishia. Ilimchukua muda kuniruhusu nitembee naye, na nilipotembea sikuweza kumfuata vizuri. Kila mara nilitaka kujua tunakwenda wapi. Tulipokuwa darasa la sita, Anti Rosa alipata kazi ya kulala huko huko mji mwingine, wakahama. Sina habari za Nafula. Nimewahi kumtafuta kwa simu kama watu wanavyotafutana siku hizi, bila kumpata.

Chuoni, mhadhiri wa saikolojia alitufundisha kwanza nadharia ya yule njiwa, kwamba kujifunza ni mwenendo unaojengwa na tuzo na adhabu. Majuma yaliyofuata akatufundisha yaliyoitikisa. Kulikuwa na panya walioachwa wazurure siku kadhaa ndani ya nyumba ya vichochoro bila kupewa chakula, ikadhaniwa hawajajifunza kitu. Siku chakula kilipowekwa, wakakiendea upesi sawa na wale waliokuwa wakilishwa tangu mwanzo. Wengine walizibiwa njia waliyoizoea wakachagua ambayo hawajawahi kupita, kana kwamba walikuwa na ramani kichwani. Kulikuwa na watoto waliopenda kuchora, wakaahidiwa tuzo ya kuchora, na tuzo ilipokwisha wakachora kidogo kuliko mwanzo. Darasa liliandika. Mimi sikuandika, nilikaa nimeshika kalamu. Aliposema kwamba hata lugha haielezeki kwa kuiga na kusifiwa peke yake, nilimkumbuka mdogo wangu Njeri, ambaye mwaka ule ule wa nyota alikuwa na miaka mitatu na alikataa uji kwa kupiga kelele, "Hanitaki!" Mama alimuuliza, "Nani hakutaki?" na sote tukaangua kicheko. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumwambia hivyo, wala aliyemtuza kwa kusema hivyo. Alikuwa amesikia hutaki, hatutaki, hawataki, akajitungia kanuni mwenyewe, na kosa lake lilikuwa na akili kuliko majibu yangu mengi ya darasani.

Sasa mimi ndiye ninayefundisha walimu. Viboko vimepigwa marufuku kwa sheria, na hilo pekee linatosha kunifanya nisiitamani zamani. Mabonde yale yamejengwa ghorofa, mto umewekewa daraja la saruji, na mtoto wa Kabiria hahitaji kuokolewa na mtu anayejua vichochoro. Tunaishi kwenye nyumba ya ghorofa Parklands. Binti yangu Nyokabi ana miaka minane. Gari la shule humchukua langoni na kumrudisha langoni, na kila jioni simu yangu hulia kunijulisha ni nyota ngapi amepata leo, kwa kusoma, kwa usafi, kwa kushirikiana na wenzake. Amepata nyingi kuliko nilizowahi kupata mimi, na hajui jina la barabara iliyo nyuma ya nyumba yetu. Walimu wanafunzi wangu huniuliza kama basi tuzo ziachwe, nami huwaambia ukweli, kwamba sijui darasa la watoto sitini litafundishwaje bila hata sifa moja, ila wasidhani kinachoonekana ndicho chote kilichomo.

Jumamosi iliyopita nilimwambia Nyokabi avae viatu tukatembee. Akauliza tunakwenda wapi, nikamwambia hata mimi sijui, atangulie yeye. Bawabu alifungua lango. Nyokabi alitoka, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akachagua kushoto, upande wa hekalu na maduka ya vitambaa. Alitembea hatua kama kumi, kisha akageuka kunitazama usoni, kuona kama amefanya vizuri. Nilijitahidi uso wangu usiseme kitu.